Kelele za Nyuma

Tangazo langu lilikuwa na maneno tisa:
Nina besi. Nyuzi tatu nzima. Natafuta watu. Silipi mtu.
Nikalitupa mtandaoni usiku wa tokeni za mwisho,
nikalala na besi miguuni kama paka.

Wa kwanza kujibu alikuwa akiuza gitaa.
Wa pili aliuliza kama nimeoa.
Wa tatu hakusema neno. Alituma fidla,
sekunde arubaini na moja,
na chini ya fidla, mvua juu ya mabati,
na chini ya mvua, kitu kinakwaruza:
kwii, kwii, kwii.

Jina aliliandika siku ya nne: Kadzo.
Mimi Mbwarali, nikajibu, karani wa makontena Changamwe.
Hakuuliza zaidi. Nami sikuuliza anakaa wapi.
Mtu wa mtandaoni hukaa mtandaoni,
kama nilivyoamini utotoni
kwamba msoma habari hulala ndani ya redio.

Tukapata mpiga dumbaki, Shaibu wa Voi,
pigo lake likifika daima nusu hatua nyuma.
"Si mimi," huapa, "ni minara."
Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Sisi tulikuwa na fimbo tatu za mbali
na nyoka mmoja wa dakika nne, hana jina,
tukimpiga kila usiku bando linaposhuka bei,
asubuhi tukimkuta mzima.

Mimi ndiye niliyekuwa mkali.
Kadzo, ubeti wa pili una kelele za nyuma.
Kadzo, hiyo kwii imerudi.
Funga dirisha. Ziba kwa godoro. Rekodi alfajiri.
Akanijibu kwa sauti, mara ya kwanza naisikia,
nzito, ya mtu anayekunja nguo huku anasema:
"Nikifunga dirisha napikika. Njoo uzibe wewe."

Jumapili moja ya joto la kubambua rangi ukutani,
spika masikioni, nilikuwa namsikiliza moja kwa moja
akirudia pale fidla inapopanda
na kusita kama mgeni mlangoni.
Kwii, kwii.
Nikazivua spika nimkemee.

Kwii mkononi mwangu.
Kwii chini ya dirisha langu,
Mishomoroni, mkokoteni wa maji,
mitungi kumi na minne ya manjano,
gurudumu la kushoto likililia grisi.

Miezi saba.
Miezi saba nikiifuta, kipande kwa kipande,
kwa subira ya mtu anayechambua mchele,
sauti ya mtaa wangu mwenyewe.

Sikubadilisha hata fulana.
Nilibeba besi, nikaufuata mkokoteni,
ukapita kinyozi, ukapita mahamri ya Mwanasiti,
ukakata kona kwa fundi viatu.
Chengo wa maji akageuka:
"Kaka, mtungi mmoja au miwili?"
Nataka fidla.
"Ile ya mama wa cherehani? Ghorofa ya pili.
Kila nikipita hukosea. Nadhani hanipendi."

Pazia la maua, ndara za watoto wawili.
Nilimdhania mrefu.
Alikuwa mfupi, pini za kushonea mdomoni,
akanitazama, akaitazama besi, akahesabu nyuzi.
"Tatu," akasema, akitema pini kiganjani. "Basi ni wewe."

Tulikaa. Tukashindwa kupiga.
Sikujua mtu hupigaje na mtu anayepumua.
Nikitangulia, anachelewa; tukaombana radhi
kama waliokanyagana kivukoni Likoni.
Mwishowe tukageuziana migongo,
yeye akatazama cherehani, mimi ukuta,
tukampigia Shaibu, simu tukailaza
juu ya sare ya shule isiyo na mikono bado,
na pigo likaingia, limechelewa vile vile,
nasi tukalingoja, kama tulivyozoea.

Ubeti wa pili, Chengo alirudi na mitungi mitupu.
Kwii.
Sikumwona Kadzo, ila nilisikia
upinde ukiinuka kwenye nyuzi.
Nami nikainua kidole.
Tukampisha apite.